Kufunga, Kusimika, Kutandaza: Historia ya Tendo Moja na Maneno Yake

Tendo moja la mafundi wa kompyuta limepata majina matatu katika nyaraka zetu za Kiswahili. Tangazo la zabuni husema kwamba mfumo "utafungwa" katika vituo vya afya. Mkataba unaotokana na zabuni hiyo husema kwamba "utasimikwa". Na taarifa ya utekelezaji hudai kwamba "umesambazwa". Anayesoma kwa haraka atadhani hayo ni mapambo tu, maana lugha yetu ni tajiri wa visawe. Sisi hatuoni hivyo. Maneno haya yalipata kazi katika nyakati mbalimbali, na kila moja limebeba picha ya namna kazi ilivyofanywa katika wakati wake. Mtafsiri asipoijua historia hiyo atatumia neno la jana kuelezea kazi ya leo, na atakayeumia si yeye, bali ni mhudumu wa zahanati asiyejua kama angoje gari la mafundi au la.

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia tendo hilo, yaani kuufikisha mfumo wa kompyuta wenye matabaka kadhaa mahali utakapofanyia kazi, tangu lilipokuwa kazi ya mikono hadi lilipoanza kujiendesha lenyewe juu ya kompyuta za mbali ambazo siku hizi huitwa wingu. Ili tusipotee katika nadharia, tutarudi mara kwa mara katika mahali pamoja: Mwamanyili, kata ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma iliyo upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Tumeichagua kata hiyo kwa sababu ya kiutawala itakayoonekana hapo mbele.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500, na kazi yake ilikuwa hesabu za Serikali. Swali la kusimika au kusambaza mfumo halikuwapo wakati huo, kwa kuwa mashine, programu na kumbukumbu vyote vilikaa pamoja, na mwenye haja navyo alivifuata vilipo. Mambo hayakwenda vizuri. Kazi ya kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ilileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata.

Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba lugha haikungoja mashine. Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuanza kazi ya kusanifu istilahi za taaluma mbalimbali, na wanazuoni walijadiliana juu ya jina la chombo ambacho wananchi wengi hawajakiona. Palitokea "ngamizi", palitokea "tarakilishi", lililopata makazi mazuri zaidi Kenya, na palikuwapo "kompyuta", ambalo halikupendekezwa na mtu ila lilisemwa na kila mtu. Tanzania lilishinda hilo la mwisho. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha tabia ya istilahi zetu za fani hii: jina la kitu huweza kubishaniwa miaka mingi bila madhara, kwani kitu kipo na kinaonekana. Jina la tendo ni jambo jingine. Kosa katika jina la tendo huhamisha wajibu kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Marufuku ilipokwisha na kompyuta ndogo za mezani zilipoingia maofisini, tendo letu lilipata neno lake la kwanza, nalo lilitoka kwa mafundi wenyewe. Fundi alikuja na sidii au diski mkononi, akakaa mbele ya kompyuta ya ofisi, akaingiza programu, akaijaribu, akaondoka. Alikuwa "amefunga" programu, kama vile fundi umeme afungavyo taa na fundi bomba afungavyo mita. Hilo lilikuwa neno sahihi kwa wakati wake. Programu ilifungwa kweli kweli katika mashine moja, na mashine ikiibwa au ikiungua, programu na kumbukumbu vilikwenda nayo.

Mifumo mingi ya halmashauri zetu ilianza hivyo. Mfumo wa kupanga mipango na bajeti za halmashauri, unaojulikana kwa jina la PlanRep, ulikaa kwanza katika kompyuta za halmashauri, kila moja na nakala yake, na hesabu zilipaswa kusafirishwa ili ziunganishwe na za wenzao. Kwa upande wa afya, vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vilikuwa vimeenea tangu miaka ya 1990. Muuguzi alijaza kitabu namba 5 kwa wagonjwa wa nje, akajumlisha mwisho wa mwezi, na fomu ikapelekwa wilayani, ambako kulikuwa na kompyuta yenye programu ya kukusanyia takwimu hizo.

Hapo ndipo Mwamanyili inapotufaa. Hadi mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Simiyu, makao yake makuu yakiwa Bariadi, na Busega ikakatwa kutoka Magu ikawa wilaya ya mkoa mpya. Kwa mwananchi mabadiliko hayo yana maana ya kubadili mahali pa kufuata huduma. Kwa mfumo "uliofungwa" yana maana nzito zaidi. Ikiwa kumbukumbu za kituo zimo ndani ya kompyuta ya wilaya mama, basi wilaya inayozaliwa huzaliwa haina kumbukumbu. Inabidi zinakiliwe, zihamishwe, zisafishwe, na kompyuta mpya ifungwe programu upya, na mtu wa kuzifanya kazi hizo apatikane. Ikiwa kumbukumbu zimo katika hifadhi moja ya pamoja, kinachobadilika ni mstari mmoja katika orodha ya mikoa na wilaya. Msomaji aliye mtumishi wa umma anafahamu jinsi mipaka ya wilaya zetu ilivyobadilika mara nyingi tangu Uhuru, na atapima mwenyewe njia ipi inatufaa.

Hata hivyo njia ya pili haikuwezekana mpaka mawasiliano yafike. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na katika kipindi hicho hicho Tanzania ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. (Neno "mkongo" lenyewe linastahili makala yake. Kwa mtu wa Kigoma Mkongo ni kwanza raia wa nchi jirani, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba nyaya hizo zinatoka huko.) Ajabu ni kwamba hatua kubwa ya kwanza haikungoja nyaya hizo zifike wilayani, bali ilipitia katika simu za mkononi.

Kisa chenyewe kilitokea Kenya mwaka 2011, nasi tunakieleza kwa kirefu kwa sababu hatujui kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi kufunga kulivyofikia mwisho wake. Wizara zilizosimamia afya nchini humo zilitaka mfumo mmoja wa takwimu za afya kwa nchi nzima, na zikachagua DHIS2, programu iliyotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ambayo huendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Fikra ya kwanza ilikuwa ile tuliyoizoea: programu ifungwe katika kompyuta za wilaya, moja baada ya nyingine. Wilaya zilikuwa nyingi, mafundi walikuwa wachache, kompyuta za ofisi zilikuwa na virusi, na kila programu iliporekebishwa ilibidi fundi arudi kote alikokwisha kupita. Wataalamu wakageuka. Wakaijaribu Mkoa wa Pwani njia nyingine: programu ikae mahali pamoja tu, na wilaya ziifikie kwa intaneti ya modemu za simu. Ilipoonekana kwamba inawezekana, nchi nzima ikafuata kabla ya mwaka kwisha.

Lakini mahali hapo pamoja pawe wapi? Seva ya wizara ilihitaji umeme usiokatika na mawasiliano yasiyolegea, mambo ambayo jengo la wizara halikuweza kuyaahidi. Ikakodiwa seva iliyokuwa nje ya nchi. Hivyo takwimu za malaria na za uzazi za Kenya zilipata kukaa, kwa muda, katika mashine ambayo hakuna ofisa wa wilaya aliyepata kuiona, naye hakuhitaji kuiona. Hilo ndilo wingu. Tangu mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilikuwa ikikodisha kompyuta zake kwa saa, na nyingine zikaiga. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuutegemeza mfumo wa taifa zima juu ya biashara ya namna hiyo.

Tanzania ilikuja kwa njia hiyo hiyo kwa mwendo wake. DHIS2 ilienezwa nchini baada ya majaribio, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki kwa karibu. Mwaka 2012 ulianzishwa Wakala wa Serikali Mtandao, ambao kwa sheria ya mwaka 2019 ulifanywa Mamlaka. Kikajengwa kituo cha taifa cha data huko Kijitonyama, Dar es Salaam. Mwaka 2017 PlanRep mpya ilizinduliwa, nayo haikuwa tena ya kufungwa kila halmashauri bali ya kufikiwa kwa mtandao. Ikafuatana na FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vinavyotoa huduma, uliokusudiwa kufika hadi katika zahanati na shule. Hazina nayo ikabuni MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, ambao tunaupenda kwa sababu moja ya kitengo chetu: jina lake la kifupi limetokana na Kiswahili. Mfumo wa malipo wa GePG haukupata bahati hiyo, na wananchi wamejifanyia wenyewe kazi ya istilahi. Nendeni dirisha lolote la malipo muone kama kuna anayesema "namba ya kumbukumbu ya malipo". Wote wanadai "kontrol namba".

Sasa tuyaangalie matabaka, kwani hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu kwa fundi, na ndipo neno la pili, "kusimika", lilipopata nguvu.

Mkulima wa pamba wa Simiyu ataelewa matabaka haraka kuliko msomi asiyepata kuuza pamba. Yeye hupeleka mzigo wake kwenye kituo cha ushirika. Hapo hukutana na karani na mizani, basi. Nyuma ya karani kuna kinu cha kuchambulia, kinachotenga nyuzi na mbegu. Na kuna ghala, ambamo marobota hukaa mpaka yahitajiwe. Mkulima haingii kinuni, na karani hana ufunguo wa ghala. Mizani ikiharibika, hubadilishwa bila kukigusa kinu. Msimu ukiwa mkubwa, huongezwa makarani bila kujenga ghala jingine. Mfumo kama DHIS2 umepangwa vivyo hivyo. Tabaka la mbele ni ukurasa auonao muuguzi. Tabaka la kati ni programu inayokagua, kujumlisha na kuamua nani aone nini. Tabaka la nyuma ni hifadhidata. Kila tabaka huweza kukaa katika kompyuta yake.

Neno "tabaka" lenyewe halikupita bila kupingwa. Kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha kilijifunza kwamba matabaka ni jambo la kupigwa vita, na "mfumo wa matabaka" kwa masikio yao ni ubepari. Wakajaribu wengine "ngazi". Lakini mweleze ofisa wa halmashauri kwamba mfumo una ngazi tatu, naye ataelewa mara moja kwamba ni kata, wilaya na mkoa, na hapo umekwisha kumpoteza. "Daraja" lina maana nyingi mno. Pwani wanalo neno "rusu", lenye maana ya vitu vilivyopangwa safu juu ya safu, neno zuri lisilojulikana bara. Sisi tunashikilia "tabaka". Walimu wa jiografia wamelitumia miaka yote kwa udongo na miamba bila kumfanya mwanafunzi yeyote awe bepari.

Kuusimamisha mfumo wa matabaka hayo kwa mikono kuna taratibu zake. Hifadhidata hutangulia, lazima iwe imeamka na kujibu kabla programu ya kati haijawashwa, nayo lazima ipewe anwani ya hifadhidata na neno la siri, mwisho huja tabaka la mbele, ambalo hufunguliwa mlango wa intaneti huku matabaka ya nyuma yakifungiwa. Fundi akikosea mpangilio, mfumo hausimami. Akisahau kufunga mlango wa hifadhidata, mfumo husimama vizuri kabisa na kumbukumbu za wagonjwa zikawa wazi kwa dunia. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Tena kazi hii haifanywi mara moja. Kuna mfumo wa majaribio, kuna wa mafunzo, kuna wa kazi yenyewe; na baada ya miezi michache kuna toleo jipya, na mzunguko unaanza tena. Mafundi wakazitunza hatua zao katika madaftari na vichwani. Fundi akihama, mfumo hubaki kama nyumba ambayo hakuna ajuaye bomba lake limepita wapi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa fikra ya kumwachia kompyuta kazi hiyo. Tusidhani kwamba ni jambo la jana: zana iitwayo Puppet ilitoka mwaka 2005, na Ansible, ambayo hutumiwa pia na wasimamizi wa seva za DHIS2, ilitoka mwaka 2012. Kiini chake kinaelezeka bila hisabati yoyote. Fundi haandiki tena hatua za kufuata. Anaandika hali anayoitaka. Anaandika katika faili: pawe na hifadhidata moja, programu mbili za kati, mlango mmoja wa mbele; matabaka haya mawili yaongee, yale yasiongee; toleo liwe hili. Zana husoma maandishi hayo, hukagua hali ilivyo, hufanya yaliyopungua na kuyaacha yaliyo sawa. Ukiyaendesha mara ya pili bila kubadili kitu, hakuna kinachotendeka, maana hali iliyotakiwa ipo. Kompyuta zenyewe, kwa kuwa ni za kukodi, huagizwa na faili hiyo hiyo na kurudishwa kwa mwenyewe zikimaliza kazi.

Mwaka 2013 ikaja Docker na fikra ya kontena. Hapa lugha yetu haikuwa na la kufanya isipokuwa kushukuru, kwani kila aliyepita bandari ya Dar es Salaam anaijua kontena: sanduku la kipimo kimoja, linalobebwa na meli, gari moshi au lori bila mchukuzi kujua kilichomo. Programu ikitiwa ndani ya kontena pamoja na vyote inavyovihitaji, huweza kuendeshwa Kijitonyama, London au katika kompyuta mpakato ya mwanafunzi bila tofauti. Na kwa kuwa kontena zikizidi huhitaji wa kuzipanga, mwaka 2014 wataalamu wa Google wakatoa Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Watu wa Lamu na Unguja wangeliita Nahodha bila kwenda Ugiriki, lakini jina la bidhaa halitafsiriwi.

Turudi sasa kwenye neno la pili. "Kusimika" limeingia katika nyaraka za Serikali kwa heshima kubwa, na si vigumu kuona sababu. Lina uzito. Husimikwa nguzo, husimikwa mtemi, husimikwa askofu. Lilifaa sana pale mfumo wa taifa ulipowekwa kwa mara ya kwanza katika seva yake, ukasimama, na mgeni rasmi akakata utepe. Lakini kila kinachosimikwa hutazamiwa kubaki kilipo. Hakuna asimikaye nguzo leo, akaing'oa kesho, akaisimika tena kesho kutwa. Nayo ndiyo kazi yenyewe inayofanywa na zana tulizozitaja: mfumo hutolewa na kuwekwa upya mara nyingi, pengine mara kadhaa kwa siku moja, bila mtumiaji kuhisi lolote. Mkataba ukisema mkandarasi "atausimika mfumo", naye akausimika, akalipwa, akaondoka, ametimiza mkataba. Matoleo yote yanayofuata si wajibu wake tena. Kwa lugha ya mkataba huo ana haki. Aliyekosea ni aliyechagua kitenzi.

"Kusambaza" nalo lina hatari ya upande wa pili. Husambazwa mbolea na vitabu, yaani kitu hugawanywa kikafika mikononi mwa wengi. Taarifa isemayo kwamba mfumo "umesambazwa katika kata zote za Busega" itamfanya msomaji wa Mwamanyili atafute kitu kilicholetwa Mwamanyili. Huenda hakuna kilicholetwa. Huenda mfumo umetandazwa mbali, na Mwamanyili imepewa jina la mtumiaji na neno la siri tu, nalo linatosha kabisa, mradi kuna mtandao na chombo cha kuufikia. Lakini kama chombo hakipo, basi taarifa ile imeficha upungufu huo chini ya kitenzi, na mkaguzi aliyeko Bariadi au Dodoma hatauona.

Nalo "kufunga", mbali na kuzeeka, lina ila ambayo mafundi huisahau. "Mfumo umefungwa" ni habari njema au mbaya? Mhudumu akilisoma tangazo hilo asubuhi hajui kama aanze kuutumia au aache.

Tunapendekeza kwa hiyo neno "kutandaza" kwa tendo la kuyapanga matabaka ya mfumo juu ya kompyuta zake kutokana na faili ya maelezo, tendo ambalo hurudiwa na kutanguka. Hutandazwa mkeka, ukakunjwa, ukatandazwa tena mahali pengine, hakuna anayeshangaa. Neno hilo lina undugu na "tanda", ambalo limekwisha kutupa "mtandao" na "utandawazi", kwa hiyo halitakuwa mgeni katika ukoo. Tukipata "utandazaji", "mtandazaji" na "kutandua" kwa kuuondoa mfumo, tumepata jamii nzima ya maneno kutoka shina moja, jambo ambalo "kusimika" halitupi kwa urahisi. "Kusimika" libaki kwa kazi ya mara moja ya kuweka mitambo yenyewe: seva, nguzo, jenereta. Wapo wenzetu wanaosema kwamba "kutandaza" ni neno la nyumbani mno kwa hati za Serikali. Hata "mtandao" ulikuwa wa buibui na wavuvi.

Kwa hali ya kujiendesha, wengi wameandika "otomatiki", nasi hatuligombezi kama kivumishi. Lakini "utandazaji otomatiki" huacha wazi nani ameamua. Zana haiamui, hufuata faili iliyoandikwa na mtu mwenye jina na cheo. Kwa hiyo katika mikataba tungependa isomeke "utandazaji unaoendeshwa kwa faili ya maelezo", na mkataba utaje faili hiyo ni mali ya nani. Hili si la watafsiri pekee. Halmashauri isiyokuwa na faili hiyo haina mfumo. Ina mfumo wa mtu mwingine.

Limebaki "wingu", neno lililotukosesha usingizi kuliko mengine. Limekwisha kuenea, na hatuna nia ya kupigana nalo. Tunaona tu kwamba limepotoka kwa namna yake. Kishikwambi kilipotumiwa na makarani wa sensa ya Agosti 2022, neno hilo lilienea nchini kote kwa muda mfupi, kwa kuwa kila kaya ilikiona mkononi mwa karani. Wingu hakuna aliyeliona. Katika Usukuma mawingu huitwa malunde, nayo hutazamwa kwa tumaini na wasiwasi, maana ndiyo yaletayo mvua au kuinyima, na hayana mwenyewe. Wingu la kompyuta lina mwenyewe. Lina jengo, lina bili ya umeme, na liko chini ya sheria za nchi lilipo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, swali la taarifa za mgonjwa kuvuka mpaka limekuwa swali la kisheria, na haijibiwi kwa kusema "ziko kwenye wingu", sawasawa na vile mtu hajibu "ziko hewani" anapoulizwa fedha za kijiji ziko wapi. Tunawashauri watafsiri kwamba kila neno "wingu" linapotokea katika hati yenye nguvu ya kisheria, lifuatwe na mahali: wingu la Kijitonyama, wingu lililoko Afrika Kusini, wingu lililoko Ulaya. Kama matini ya asili hayataji mahali, mtafsiri amuulize mwenye hati kabla ya kuendelea.

Mapendekezo ya "kutandaza" na jamii yake yatapelekwa kwenye kikao cha kusanifu istilahi pamoja na hoja tulizozieleza. Kuhusu tendo la kuuondoa mfumo toleo jipya linapoharibika na kurudi kwenye lile la awali, kitengo hakijaafikiana. Wengine wanataka "kurejesha", wengine "kutangua", na mafundi wa halmashauri mbili wametuandikia kwamba wao husema "kurudi nyuma" na kazi zinakwenda. Walimu wa vyuo na maofisa wa TEHAMA walio na neno jingine watuletee, pamoja na sentensi moja kutoka kazini mwao inayoonyesha lilivyotumika.